Neno la Anayetembea Nyuma

Kibandani, mlimani, Uswisi
17 Novemba 2024

Kwako Baba Mdogo Octave,

Salamu nyingi kutoka huku juu, ambako hata salamu inabidi ivae glavu. Mimi ni mzima. Goti la Mama Mdogo Célestine linaendeleaje? Mwambie dawa ya kuchua aipake, asiitazame tu dirishani. Koti ulilonishonea limefika. Wageni wananiuliza limetoka duka gani, nami nawaambia limetoka karakana ya Baba Mdogo, Doornfontein, ghorofa ya tatu, lifti haifanyi kazi, mpige hodi kwa nguvu maana fundi anawasha redio.

Najua bado hujanisamehe kwa kuacha uuguzi mjini nije kupika supu kwenye kibanda cha wapanda milima. Lakini sasa mambo yamezidi supu. Thérèse, mama mwenye kibanda, ametimiza miaka sitini na minane, na magoti yake ni ndugu wa goti la Mama Mdogo. Anataka kuniachia kibanda mwakani. Sharti ni moja: baridi hii nijifunze kuusoma mlima. Wageni wakitaka kwenda bonde la juu, lazima wakatize mteremko mmoja mpana tunaouita Aproni. Theluji mpya ikianguka, kisha upepo ukailundika pale, mteremko mzima unaweza kuporomoka na kuzika watu. Mwenye kibanda ndiye anayesema leo tunapita au leo hatupiti, na watu wanamwamini. Hilo linanitisha kuliko baridi.

Jana nilikuwa nafagia mlangoni nikaikumbuka robot ya Rockey Street. Unakumbuka? Nilikuwa na miaka minane, ndiyo kwanza tumefika Joburg, hata hizo taa za kuongozea magari wanazoita robot sikuwahi kuziona. Tukitoka kanisani Jumapili tulitembea mstari mmoja kama bata: wewe mbele, Mama Mdogo, mwanao Steve, na mimi mdogo wao nyuma kabisa. Tukifika kwenye robot, hata kama ni kijani, hukukanyaga lami mpaka mimi niseme "twende". Na nikisema "simama", hata kwa utundu tu, ulisimama katikati ya barabara, teksi zinapiga honi, madereva wanakutukana kwa Kizulu, na wewe umetulia kama nguzo ya stima. Watoto wa jirani walitucheka mpaka basi. "Wa nyuma ndiye mwenye neno," ulikuwa unasema. Nilidhani kila familia ina mchezo huo. Nikakua, nikagundua ni sisi tu.

Sasa swali langu. Mama Mdogo aliwahi kuponyokwa na maneno kwamba wewe na marehemu baba mlibeba mizigo ya wageni huko Ruwenzori, mpaka kwenye theluji, kabla baba hajafa kwa homa. Hujawahi kunisimulia hata siku moja. Asubuhi, kabla ya kupanda, mlikuwa mnatazama nini? Niambie, nimwoneshe Thérèse kwamba na sisi tuna mlima.

Mwanao,
Masika Jocelyne


Bellevue, Johannesburg
15 Desemba 2024

Mwanangu Masika,

Barua yako imetumia wiki nne. Posta ya hapa unaijua: barua inazaliwa, inabatizwa, inapata kipaimara, ndipo inafika. Lakini heri hivyo kuliko simu. Kwenye simu nasema kabla sijafikiri, na huko kwenu hata mtandao hakuna.

Sisi wazima. Goti la Célestine linauma anapoombwa kufagia, linapona anapoitwa harusini. Maua ya jakaranda yameisha, yamebaki yale ya kunata kwenye soli za viatu. Kwaya imeniletea majoho arobaini niyashone kabla ya Krismasi, na kila mwimbaji anadai amepungua kiuno tangu nimpime. Benita, binti wa Steve, ametimiza miaka sita. Kiswahili anakisikia chote ila hakisemi. Nikimwambia njoo ule, ananijibu, "Ngiyeza, Mkhulu." Anakuja kwa babu yake, lakini anakuja kwa Kizulu.

Umenikumbusha nyumbani kwetu Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Kahawa ilivyokuwa ikianikwa kwenye mikeka, uani kote kunanukia. Na asubuhi, mara moja moja, mawingu yalifunguka dakika kumi, tukaona kule juu kote kumemeta, bibi yako akatoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia. Kisha mawingu yakafunga mlango. Nimeishi mji huu miaka ishirini na sita na bado nikiamka natazama upande ambao mlima ungekuwepo. Naona paa la kanisa na tangi la maji.

Kuhusu swali lako. Tulibeba mizigo. Kulikuwa na baridi. Kile cheupe kilikuwa juu na sisi tulikuwa chini yake. Hakuna zaidi.

(Hapo chini nimefuta mstari mmoja, kalamu ilivuja.)

Rudi nyumbani, Masika. Hata hapa kuna hospitali, na wagonjwa ni wengi. Kibanda waachie wenyewe waliozaliwa na baridi.

Baba yako mdogo,
Kambale Octave


Kibandani
9 Januari 2025

Baba Mdogo mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Nimefurahi kusikia goti linajua kuchagua siku zake. Mbusu Benita, umwambie shangazi naye alikuwa anajibu kwa Kizulu mpaka ulipomnyima maandazi.

Nimesoma "rudi nyumbani" nikaumia. Hujawahi kuniambia nirudi kutoka popote. Nilipokwenda Durban hukusema. Nilipokuja Ulaya ulinishonea begi. Sasa kuna nini?

Nikwambie ninachojifunza, labda utatulia. Theluji haianguki ikawa kitu kimoja. Inakaa tabaka juu ya tabaka, kila dhoruba na tabaka lake. Nachimba shimo mpaka kiunoni, nakata nguzo ya theluji yenye upana wa koleo, naweka koleo juu yake, kisha napiga kwa kiganja: mara kumi kwa nguvu ya kifundo cha mkono, mara kumi kwa nguvu ya kiwiko, mara kumi kwa bega zima. Nahesabu pigo ambalo nguzo inakatika. Ikikatika mapema, na kipande cha juu kikateleza kama sabuni, mteremko haufai. Mwaka huu chini kabisa kuna punje kubwa kama sukari, hazishikani. Ni koti ambalo bitana haikushonwa kwenye kitambaa: kwa nje linapendeza, ukiingiza mkono linaachana. Wewe ungeliona mara moja.

Thérèse hachimbi. Ameukatiza Aproni majira thelathini na moja na anasema pua yake inatosha. Mwezi wa kumi na mbili mashimo yangu mara mbili yalisema tusipite, pua yake ikasema tupite. Ni mkubwa wangu, na alikuwa mbele ya wageni. Unajua alivyonilea Mama Mdogo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikaa kimya, tukapita salama. Labda pua yake inajua kuliko koleo langu.

Jambo moja zaidi. Kwenye ule mstari uliofuta kalamu haikuvuja. Umekwaruza mpaka karatasi ikatoboka. Niliishika mbele ya taa, nikasoma neno moja tu: Paluku. Ni jina la baba yangu. Uliandika nini, Baba Mdogo?

Na kwa nini unaiita "kile cheupe"?

Masika


Bellevue
2 Februari 2025

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Sote wazima.

Umeandika: "Nilikaa kimya, tukapita salama." Nimesoma maneno hayo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikayasoma tena. Célestine akaniuliza, "Octave, nani amekufa?" Nikamwambia hakuna mtu. Nikadanganya tena.

Nilipiga simu ofisi ya kile kijiji chenu cha chini. Akapokea mwanamke, akaniuliza kwa Kifaransa nataka kuacha ujumbe gani. Nikakata. Huu si ujumbe wa kuachiwa mtu. Dada Orpha wa kanisani anasafiri Jumatano kwenda kumwona binti yake Geneva, ameapa ataitia barua hii posta akishuka tu.

Baba yako hakufa kwa homa.

Ilikuwa Agosti 1991. Wewe ulikuwa na mwaka mmoja na meno manne. Paluku alikuwa kiongozi wa wapagazi, ana miaka ishirini na minane. Mimi nilikuwa na ishirini na miwili, nikibeba kamba. Wageni walikuwa wawili. Jioni tukiwa kibanda cha mwisho theluji ilianguka, nyingi, na upepo ukavuma hadi alfajiri. Nilimwambia kaka yangu mbele ya wageni, "Yaya, tungoje siku moja." Akacheka. "Kambale anaogopa kama bibi arusi." Wageni hawakujua lugha, ila walicheka kwa sababu yeye alicheka.

Asubuhi mbingu ilikuwa safi, na hiyo ndiyo hila yake. Kule ukingoni theluji ilikuwa ikifuka kama moshi wa jiko, upepo unaichota upande wa pili na kuimwaga upande wetu. Nikaiona. Wageni walingoja kwenye mwamba sisi tukafungue njia, yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma yake. Katikati ya mteremko theluji ikasema "huu" chini ya miguu yangu, kama mtu mnene anayekaa kwenye kochi. Ufa mwembamba ukatoka kwenye kiatu changu, ukakimbia kwenda mbele, kwake. Niliuona. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja.

Mimi na wapagazi wenzangu tulikuwa na sheria yetu. Ukishapita kibanda cha mwisho, wa nyuma hasemi mpaka asemeshwe, na theluji haitajwi jina. Tuliiita "kile cheupe". Nyumbani waliponiuliza, nilisema nilinyamaza kwa adabu. Wakakubali, maana ni jibu zuri. Wewe nakwambia la kweli. Nilinyamaza kwa hasira. Nilisema moyoni: ngoja aone mwenyewe nani bibi arusi. Hesabu moja, mbili, tatu. Nilipofungua mdomo, mteremko ulikuwa umeshaondoka naye.

Tulichimba siku mbili, kwa sufuria na kwa mikono. Hatukumpata. Tulirudi tukazika koti lake. Bibi yako akasema mtoto asikue akijua baba yake yuko kule juu peke yake kwenye baridi, basi tuseme homa. Mama yako alipoolewa tena, nikaomba nikulee mimi. Watu walinisifu. Kila waliponisifu nilitamani kuingia chini ya mashine.

Célestine alikufundisha methali ya guu, na mara nyingi ni ya kweli. Mimi nililisikia la mkuu, na kilichovunjika hakikuwa guu.

Usinyamaze, Masika. Hata akikucheka mbele ya wageni. Hata ukiwa na hasira naye. Hasa ukiwa na hasira naye. Na ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa hai.

Octave


Kibandani
6 Machi 2025

Baba Mdogo,

Barua yako ilinifikia tarehe 23 Februari. Dada Orpha aliisahau kwenye mkoba, chini ya dagaa za binti yake, na karatasi bado inanuka.

Nimekaa siku kumi na moja bila kujibu, kwa sababu kila nilipoanza niliandika maneno ambayo nisingependa uyasome. Nimekasirika. Miaka thelathini na mitatu nimeombea roho ya mtu aliyekufa kitandani, akipepewa, akishikwa mkono. Kila mgonjwa wa homa niliyemuuguza nilikuwa namuuguza yeye. Na ulipiga simu, ukakata! Uliulizwa kwa lugha unayoijua una ujumbe gani, ukanyamaza tena. Hilo nalo nilitaka ulijue, kwa sababu umesema nisinyamaze.

Basi. Sasa nikusimulie ya tarehe 14 Februari, siku tisa kabla barua yako haijafika.

Theluji ilikuwa imeanguka siku tatu, mpaka madirisha ya chini yakazibwa. Upepo ulitoka magharibi, na Aproni unatazama mashariki, kwa hiyo yote ilirundikwa pale. Siku ya nne mbingu safi, kama ulivyosema, ingawa ulikuwa hujaniambia bado. Nilichimba. Nguzo ikakatika pigo la kumi na mbili na kipande cha juu kikateleza mpaka kwenye mapaja yangu. Nikamwambia Thérèse jikoni, polepole, kwa adabu. Akasema, "Nimenusa, tunapita," akavaa skii. Wageni sita wakajipanga nyuma yake. Mimi mwisho.

Alikuwa amefika ukingoni mwa Aproni, ameshatoa mguu mmoja, theluji iliposema "huu" chini yangu. Huu hasa, Baba Mdogo, kochi lile lile. Sikufikiri. Nilipiga kelele, "Simama!"

Hakuna mtu pale anayejua Kiswahili. Wote saba walisimama.

Thérèse akageuka. Uso wake sijawahi kuuona vile. Akaniuliza mbele ya wote kama mimi ndiye niliyeukatiza mteremko huu miaka thelathini na moja. Nikamwambia, "Samahani, mama. Leo hatupiti." Mgeni mmoja akacheka. Lakini Thérèse akaurudisha mguu. Tukarudi kibandani. Wageni waliondoka wamenuna, na yeye hakuzungumza nami siku mbili ila kuniomba chumvi.

Unajua Aproni ulifanya nini? Hakuna. Haukuporomoka siku ile, wala kesho yake. Ulikaa pale unang'aa, siku sita, nami kila asubuhi nautazama kwa aibu, mpaka jua likaushika na theluji ikatulia. Siku ya saba nilimwomba Thérèse msamaha. Akasema, "Kwa lipi? Mwenye kibanda akiwa sahihi, hakuna kinachotokea. Na akikosea kwa woga, vile vile hakuna kinachotokea. Hutajua kamwe. Ukiweza kuishi na hilo, chukua ufunguo." Akaniwekea ufunguo kwenye sinia ya mkate.

Nimefikiri sana kuhusu maneno yake, na sasa nakupa na wewe. Ungesema, huenda baba asingesimama. Alikuwa na kiburi, naona, na mimi ninacho. Hesabu moja, mbili, tatu: huenda zisingetosha hata kwa mtu asiye na hasira. Hutajua kamwe. Siwezi kukufutia hilo, wala sijaribu.

Lakini nisikilize. Neno lililonitoka halikutoka kwenye koleo wala kwenye barua. Lilitoka kwenye robot ya Rockey Street. Nilikuwa wa nyuma, na mguu wa mkubwa ulikuwa umeshakanyaga. Mtoto wa miaka minane ndiye aliyepiga kelele, kwa sababu kuna mtu mzima mmoja ambaye kila Jumapili, honi zikilia na watu wakicheka, alisimama alipoambiwa. Niliposoma barua yako ndipo nilipoelewa kwamba haukuwa mchezo. Barua yako ilichelewa siku tisa. Wewe mwenyewe uliwahi miaka ishirini na sita.

Hasira yangu itapungua, iachie muda. Usiniombe msamaha. Niambie kitu kimoja tu: alikuwaje? Si alivyokufa. Alivyokuwa.

Mwanao,
Masika


Bellevue
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Mwanangu Masika,

Salamu kutoka kwa wote. Nimemsomea Célestine barua zako na nakala ya yangu. Alilia, kisha akanipiga kwa kanga, kisha akanipikia sombe, kisamvu cha kwetu. Tumelala mchana kutwa kama watu waliotoka safari.

Paluku alikuwa anapiga mluzi. Tukiwa tunapanda, mgongoni ana kilo thelathini, anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani lakini kwa mwendo wa rumba, padre akikasirika, yeye anasema ni pumzi tu. Alikuwa anakula maharagwe baridi na kuyasifu. Alikuwa mwongo wa umri, akiwaambia wageni ana arobaini wamheshimu. Ulipozaliwa alishuka mlimani siku moja na nusu badala ya tatu, akaingia na tope mpaka kifuani, bibi yako akamkatalia kukushika mpaka aoge. Basi akakaa nje ya mlango, akakupigia mluzi. Mkono wa kushoto aliutumia kuliko wa kulia, kama wewe. Kila nikikukatia kitambaa cha mkono nilimkatia yeye. Nina mengi, yataanza kuja sasa, nitayaandika kadiri yanavyokuja.

Theluji. Nimeliandika neno hilo mara nyingi wiki hii kwenye karatasi za kukatia mitindo, ili mkono ulizoee.

Leo tumetoka kanisani na matawi yetu. Mimi mbele, Célestine na goti lake, Steve na mkewe, na Benita nyuma kabisa akifagia lami kwa tawi. Tumefika kwenye robot, ikawa kijani, Benita akasema twende. Tuko katikati ya barabara, akapiga kelele, "Mkhulu, yima!" Hakuna hatari, hakuna kitu, alitaka tu kuona. Nikasimama. Teksi zikaanza honi. Dereva mmoja akatoa kichwa: "Eish, mzee, unalala?"

Benita alicheka mpaka tawi likamdondoka. Tulipofika ng'ambo akanivuta suruali, akaniuliza kwa Kizulu chake kwa nini huwa nasimama kila anaponiambia, hata anaponidanganya. Steve aliwahi kuniuliza hivyo alipokuwa mdogo, na wewe pia, nami niliwaambia ni mchezo.

Nikakaa kwenye ukuta mfupi wa nyumba ya kona, nikampakata, na safari hii nikamwambia kwa nini.

Baba yako mdogo,
Kambale Octave